Kitabu Kizima Hatutoi Kopi

Wateja wangu wengi wanaamini kwamba hakimiliki ni hesabu ya kurasa. Mmoja ataniambia asilimia 10 inaruhusiwa. Mwingine atasema sura moja kwa muhula. Mwalimu mmoja wa upande wa Kisauni alinishikilia kwamba ukiacha jalada na ukurasa wa mwisho, ulichonakili si kitabu tena, na pasipo kitabu hapana kesi. Nikamwambia hiyo ni hila ya sungura. Akacheka, lakini kitabu hakukiondoa mezani.

Nina duka la fotokopi Tudor, mwendo mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mashine mbili, kompyuta chache, spairo za rangi zote, na feni inayozunguka ikijisikia. Ukutani nimebandika tangazo kwa herufi kubwa: KITABU KIZIMA HATUTOI KOPI. Limenipotezea wateja, sifichi. Limeniletea pia mabishano, na mabishano hayo ndiyo yaliyonikalisha na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, namba 12 ya mwaka 2001, nikaisoma kifungu kwa kifungu. Mimi si wakili. Ila anayekula kwa kunakili asipoisoma yeye, aisome nani?

Basi tuanze na ile asilimia 10. Katika sheria yetu haimo. Ukiifuata nyayo zake utafika Marekani, mwaka 1976, Bunge la huko lilipokuwa likiandika sheria mpya ya hakimiliki. Wawakilishi wa waandishi, wachapishaji na walimu walikaa wakakubaliana mwongozo wa kunakili kwa ajili ya darasa: dondoo la nathari lisizidi maneno 1,000 au asilimia 10 ya kazi nzima, na kati ya viwango hivyo viwili kifuatwe kilicho kidogo. Mwongozo huo ukachapishwa ndani ya ripoti ya Bunge. Hata huko kwao haukuwa sheria. Umevuka bahari, njiani ukaangusha yale maneno 1,000, na ulipofika Tudor ukawa tayari ni sheria ya Kenya.

Si huo tu uliovuka. Walimu wa hapa wanaoweka masomo yao YouTube hubandika chini ya video tangazo refu la Kiingereza linalotaja kifungu cha 107 na matumizi ya haki. Nimeliona chini ya video ya mwalimu wa Pwani akisoma riwaya ya Mkenya, iliyochapishwa Nairobi, kwa wanafunzi wa Kenya. Kifungu cha 107 ni cha Marekani. Nacho kimejengwa kwa namna yake: hakikupi orodha ya yanayoruhusiwa ukaishia hapo, kinamwachia hakimu apime mambo manne. Umetumia kwa lengo gani, la biashara au la elimu? Kazi yenyewe ni ya aina gani? Umechukua kiasi gani? Na soko la mwenye kazi limeumia vipi? Kifungu chenyewe kinataja wazi kunakili kwa ajili ya darasa kuwa mfano wa lengo linaloweza kukubalika, na hata hivyo mizani haiondoki.

Yetu ni ya ukoo mwingine, ule wa Uingereza. Sheria yetu inataja shughuli: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki, na kuripoti matukio ya sasa. Ukiwa ndani ya mojawapo, ukaitumia kazi ya mwenzio kwa haki na ukataja ulikoitoa, huhitaji ruhusa ya mtu. Marekebisho ya mwaka 2019 yalizihamishia ruhusa hizi kwenye jedwali la mwisho wa sheria, kwa hiyo ukitafuta katika kifungu cha 26 kama tulivyozoea hutaziona, usidhani zimefutwa.

Soma orodha hiyo tena. Kufundisha hakumo. Mwanafunzi wa chuo anayetaka makala moja ya jarida akaisome kwa ajili ya tasnifu yake, huyo yumo, na mimi humtolea kopi bila kuuliza. Mwalimu anayetaka kopi 45 za sura mbili za kitabu cha kiada kinachouzwa mjini hawezi kuniambia ni matumizi yake binafsi. Binafsi ya watu 45 ni darasa.

Lakini kwa walimu kuna mlango mwingine, na la kushangaza ni kwamba katika wote wanaosimama mbele ya meza yangu sijakutana na aliyeutaja. Sheria inaruhusu kuingiza vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja katika mkusanyo uliokusudiwa kutumika shuleni au chuoni, mradi jina la kazi na la mwandishi vitajwe. Hebu fikiria mwalimu wa fasihi anayeandaa kijitabu cha mazoezi: kifungu kifupi kutoka riwaya hii, kingine kutoka tamthilia ile, beti kutoka diwani, na chini ya kila kimoja jina la mwenyewe. Huyo anatembea katikati ya barabara. Sheria inaruhusu pia mtu mmoja kusoma au kughani hadharani sehemu ya kadiri ya kazi iliyochapishwa, akitaja chanzo. Kwa hiyo mtoto anayesimama gwarideni akaghani beti za mshairi hajamwibia mtu. Kikundi kinachoigiza tamthilia nzima kwenye tamasha kwa viingilio, hilo ni jambo jingine, ruhusa iombwe.

Sasa walimu wanafanya nini na mlango huo? Wanaingia kwa dirisha. Mitihani ya majaribio ikikaribia naletewa karatasi za Kiswahili nizipige chapa. Kifungu cha ufahamu ni aya nne kutoka gazetini, nzuri kabisa, na jina la mwandishi limefutwa. Aya nne hazingemdhuru mtu. Kosa liko kwenye kufuta, na kwenye kufuta hakuna faida yoyote: mtahiniwa hajibu vizuri zaidi kwa kutojua nani aliandika. Nimewahi kumwuliza mmoja kwa nini anafuta. Akasema karatasi inapendeza ikionekana imetungwa na shule.

Kwa watu wa kazi yangu kuna kesi mbili ambazo nilizisoma kama mtu anayesoma habari za ukoo wake.

Ya kwanza ni ya Marekani, mwaka 1991. Kampuni ya fotokopi iitwayo Kinko's ilikuwa ikiwatengenezea wahadhiri vijitabu vya kozi: sura hapa, sura pale, zinabaindiwa pamoja, wanafunzi wananunua. Wachapishaji wanane wakashtaki mjini New York kwa dondoo 12, na Kinko's wakashindwa, wakaamriwa walipe dola 510,000. Hoja kubwa ya mahakama haikuwa kwamba wanafunzi wamekosa kwa kusoma. Ilikuwa kwamba aliyesimama mahakamani si mwalimu wala mwanafunzi, ni mfanyabiashara anayepata faida kwa kila ukurasa, na vile vijitabu vilikaa mahali pa vitabu ambavyo vingenunuliwa au kulipiwa ada. Niliposoma hayo niliitazama kaunta yangu kwa jicho jingine. Mwalimu hunitetea kwa neno elimu, lakini mimi nauza kopi.

Ya pili ni ya India, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu Wahindi nao walirithi sheria ya Kiingereza na wanafunzi wao wana mifuko kama ya wetu. Kibanda cha Rameshwari kilikuwa kikitoa fotokopi ndani ya Delhi School of Economics. Mwaka 2012 Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis walikishtaki kibanda pamoja na Chuo Kikuu cha Delhi kwa sababu ya vijitabu vya kozi. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikaitupa kesi. Jaji alisema hakimiliki si haki ya kimungu wala ya kimaumbile inayompa mwandishi umiliki usio na mipaka, na kwamba sheria ya India inaruhusu kazi kunakiliwa na mwalimu au mwanafunzi katika shughuli ya ufundishaji. Kama mwanafunzi angeweza kunakili kwa mkono maktabani, hakuna ubaya mashine ikimfanyia. Desemba mwaka huo majaji wawili waliosikiliza rufaa walirudisha baadhi ya mambo yakachunguzwe upya, hasa kama kilichonakiliwa kilihitajika kweli kwa mafunzo. Wachapishaji nao wakaiondoa kesi mwaka 2017.

Kijana mmoja wa sheria alinionyesha hukumu hiyo kwenye simu kana kwamba ameniletea talaka ya tangazo langu. "Anti, umeona? Mwenye fotokopi kashinda." Nimeona, mwanangu. Lakini sheria ya India ina kifungu kinachomtaja mwalimu na mwanafunzi katika shughuli ya kufundisha, kimeandikwa. Yetu inampa mwalimu zile dondoo fupi mbili za mkusanyo. Huwezi kuiazima hukumu ukaiacha sheria iliyoizaa.

Pamoja na hayo, nikiziweka kesi hizo mbili bega kwa bega naona swali moja linalonitosha kaunta nzima, na ndilo ninalouliza badala ya kuhesabu kurasa: kopi hii inakwenda kukaa mahali pa kitabu ambacho kingenunuliwa? Kurasa tatu za kitabu cha kurasa 300, ili darasa lijadili ramani au shairi, hazikai mahali pa kitabu. Kitabu teule kizima, kilichobaindiwa na kupewa jalada la plastiki, kinakaa pale pale. Na mwandishi wake hayuko London. Huenda yuko Kilifi, anasubiri mrabaha ambao mara nyingi ni kama asilimia 10 tu ya mauzo.

Tena fanyeni hesabu, maana hiyo ndiyo hesabu yenye maana hapa. Kitabu cha kurasa 200, kurasa mbili kwa kila kopi, ni kopi 100. Kwa shilingi 3, ni 300. Spairo na majalada 50. Umefika 350, herufi zimefifia, pembeni maneno yamekatwa, na ukiongeza kidogo ungerudi nyumbani na kitabu chenyewe. Au ungekitafuta kwa wauza vitabu vya mitumba mjini: kitabu kilichotumika si kopi, ni kile kile cha mwandishi kimebadilisha mikono.

Kuna mahali hesabu hiyo inavunjika, nami sijifanyi sioni. Mwanafunzi wa uhandisi anayehitaji kitabu kutoka ng'ambo kinachouzwa kwa maelfu ya shilingi, na maktaba ya chuo ina nakala chache zinazogombaniwa, huyo hanipokonyi mimi wala mwandishi mauzo yoyote. Hangekinunua hata angefunga mwezi mzima. Katiba yetu ya 2010 inalinda mali ya ubunifu katika ibara ya 40, na katika ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya elimu, na hapo kwenye mashine yangu ibara hizo mbili zinatazamana. Namtolea sura anayoihitaji wiki hiyo. Kitabu kizima hapana. Wengine wataniita mnafiki na sitagombana nao, lakini naona kazi ya kuilegeza sheria ni ya Bunge, na vyuo vikuu vyetu vingeipigania kuliko kumwachia mwenye fotokopi aamue akiwa na foleni mbele yake. Wachapishaji na waandishi nao waliunda shirika la KOPIKEN ili taasisi zilipe ada ya pamoja ya kunakili. Wazo ni zuri. Mwalimu wa kawaida anayekuja kwangu hajawahi kulisikia jina hilo.

Kuna vitu vingi ambavyo ni vya bure na watu hawavichukui. Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi inaishi muda wote wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962. Miaka hiyo ikamalizika mwisho wa 2012. Kwa hiyo tangu Januari 2013 maneno yake, kwa sheria ya hapa, unaweza kuyapiga chapa uyagawe darasani usiku na mchana. Muyaka wa hapa hapa Mvita, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 19, ndiyo usiseme. Tahadhari ni moja. Utangulizi wa mhariri wa juzi, maelezo ya chini ya ukurasa, tafsiri yake: hizo ni kazi mpya zenye mwenyewe. Nakili ushairi, uache maelezo, au uyaandike yako. Walimu wa Kiswahili wa Mombasa hawashindwi kumweleza Muyaka.

Wanafunzi wa chuo nao huchanganya mambo mawili. Wanadhani ukitaja chanzo umesalimika kila mahali. Ukinakili kitabu kizima na kuandika jina la mwandishi kwa dhahabu, bado umenakili kitabu kizima. Na kinyume chake: ukichukua aya za Shaaban Robert ukazitia kwenye insha yako bila kumtaja, sheria ya hakimiliki haitakufuata kwa kunakili, lakini mhadhiri atakufuata na hatakuacha.

Halafu kuna malalamiko ya walimu wenyewe, ambayo nayasikia zaidi mwezi wa kwanza. Mwalimu ameandika maandalio, maazimio ya kazi, muhtasari wa vitabu teule kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka unaofuata anayakuta yanauzwa kwenye kikundi cha WhatsApp shilingi 50, jina lake limeondolewa. Anakuja kwangu amefura. Ana haki ya kufura, kwa sababu kazi aliyoitunga ilipata ulinzi tangu alipoiandika. Haihitaji kusajiliwa, ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia 1993. Kuna usajili wa hiari kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na husaidia katika kuthibitisha, basi. Lakini nikimsomea kifungu cha 31 hufura zaidi: kazi iliyotungwa na mwajiriwa katika kutekeleza ajira yake huhesabiwa hakimiliki yake imehamia kwa mwajiri, isipokuwa walikubaliana vingine. Muhtasari aliouandika nyumbani likizoni, kwa mpango wake mwenyewe, una hoja yake. Maazimio ya kazi aliyoagizwa na shule yana hoja nyingine. Mwalimu anayetaka kuuza maandishi yake na azungumze na mwajiri kabla, kwa maandishi.

Insha za wanafunzi, kwa upande mwingine, ni za wanafunzi. Mtoto hajaajiriwa na shule. Shule inayokusanya insha bora ikazichapa na kuziuza siku ya wazazi ingefaa kumwomba mtoto na mzazi wake, na sijapata kuona fomu ya ombi hilo ikipita mezani kwangu, mimi ninayezipiga chapa fomu zote za mtaa huu.

Kuhusu faili nitasema kidogo, maana hapo vita vimeshapamba moto na wala havinihitaji. Kutuma PDF ya kitabu kizima kwa kikundi cha darasa ni kunakili na kusambaza, hata kama hakuna karatasi wala senti iliyotoka. Kutuma kiungo cha mahali mwenyewe alipoiweka si kunakili. Na kuna kazi ambazo waandishi wenyewe wametoa ruhusa mapema, kwa leseni za Creative Commons: Wikipedia ya Kiswahili, na hadithi za watoto za African Storybook, ambazo nyingine ziko kwa Kiswahili, unazipiga chapa, unazirekebisha, unazigawa, ukitaja watunzi. Walimu wa chekechea wanaokuja na vitabu vya picha vya Uingereza nawafungulia tovuti ya hadithi hizo kwenye kompyuta ya duka, na wengi hubadilisha nia wakiona hadithi za mbuzi na mikoko.

Mteja mmoja tu ndiye ambaye tangazo la ukutani halimhusu. Mwaka 2013, mjini Marrakesh, nchi zilikubaliana mkataba kwa ajili ya vipofu na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Kenya ikajiunga 2017, na marekebisho ya 2019 yakauingiza katika sheria yetu. Kwa mujibu wa mkataba huo, mtu wa kundi hilo aliyepata kitabu kwa njia halali, au anayemsaidia, anaweza kukigeuza chote kiwe cha kusikilizwa, cha nukta nundu au cha herufi kubwa, kwa matumizi yake, bila kumwomba mchapishaji. Chote, kuanzia jalada.

Alipokuja mwanafunzi asiyeona akiwa na dadake, dada alikuwa ameshalisoma tangazo na ameanza kugeuka. Nikamwita. Nikamweleza kazi ilivyo: naskani kila ukurasa, programu inageuza picha kuwa maandishi, kisha mtu lazima ayapitie, kwa sababu mashine husoma "m" kuwa "rn" na majedwali huyavuruga kabisa. Simu yake ndiyo itakayomsomea. Malipo ni ya saa za kusahihisha, faili anaondoka nalo yeye peke yake, na kwenye kompyuta yangu nalifuta. Sharti langu ni moja kwa yeyote mwenye haja kama hiyo: njoo na kitabu chenyewe, si picha ulizozipiga kwa simu chini ya taa ya chumbani, maana kivuli cha mkono kikipita katikati ya mistari hakuna programu itakayoyasoma maneno yaliyo chini yake.